Kibati cha kiwanda kinasema Henschel au Borsig: je, muundo nao ni wa Kijerumani?

KibatiNamba

Wakuu, salaam.

Naandaa jedwali la vichwa vya treni vya mvuke vyenye asili ya Ujerumani vilivyosambaa nchi nyingine. Safu inayonitatiza ni ile ya "muundo ulitoka wapi". Kibati kilichopigiliwa ubavuni kinataja Henschel wa Kassel, Borsig wa Berlin au Krauss wa Munich, lakini hapo kinamtaja aliyeunda, si lazima awe ndiye aliyebuni.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. La kwanza, Wajerumani walianza na vichwa vya Kiingereza. Ni wapi hasa walipoacha kufuata wakaanza kufuatwa? La pili, kwa nini P8 na G8.1 za Prusia zilijaa Ubelgiji, Poland na kwingine, ilhali S 3/6 ya Bavaria inayosifiwa kila mahali haionekani nje kwa wingi? La tatu, nikiwa na picha tu, bila nyaraka, nitazame nini kwanza?

Nitashukuru majibu yenye miaka na vipimo, maana jedwali lisilo na namba halina kazi.

Tanuru38

Nichukue la kwanza, mkuu.

Tarehe ya kuanzia ni 7 Desemba 1835, reli ya Nuremberg kwenda Fürth ilipofunguliwa. Kichwa chake, Adler, kiliundwa katika karakana ya Robert Stephenson, Newcastle, kikasafirishwa vipandevipande, na dereva William Wilson akaja kutoka Uingereza kukiendesha. Mwaka 1838 Johann Andreas Schubert alikamilisha Saxonia huko Übigau, karibu na Dresden. Hicho ndicho kichwa cha kwanza kilichofanya kazi vizuri kati ya vilivyoundwa Ujerumani, ila umbo lake bado lilikuwa la Kiingereza.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ni muhimu kwa jedwali lako: mwalimu wa pili alikuwa Mmarekani. Kichwa cha kwanza cha August Borsig, cha 1841, kilifuata mfano wa Norris wa Philadelphia, wenye bogi la magurudumu manne mbele na ekseli moja tu ya kuendesha. Bogi lile lilifuata kona kali na reli nyepesi bila kuacha njia, na reli changa za Ujerumani zilikuwa hivyo hasa. Borsig hakunakili kila kitu. Aliongeza ekseli ya kubeba nyuma ya tanuru, kwa sababu kwenye Norris tanuru lilining'inia nyuma ya ekseli ya mwisho. Mwaka huohuo wa 1841 Maffei wa Munich na Kessler wa Karlsruhe nao walitoa vichwa vyao vya kwanza; Henschel akafuata 1848. Kufikia 1854 Borsig alikuwa ametoa kichwa chake cha 500.

Kwa hiyo katika miaka ya 1850 viwanda vilikuwa vinajitegemea. Mawazo yalichukua muda zaidi. Ya mapema ninayoweza kuyaandika kwenye safu yako bila wasiwasi ni haya. Edmund Heusinger von Waldegg alibuni mwaka 1849 mitambo ya vali (inayopitisha mvuke kuingia na kutoka silinda) ambayo Mbelgiji Egide Walschaerts alikuwa ameifikia 1844. Kila mmoja alifika kwa njia yake, ndiyo maana Wajerumani huiita ya Heusinger na wengine ya Walschaerts. Usihesabu matumizi yake kama ushahidi wa asili ya Kijerumani. Georg Krauss, aliyeanzisha kiwanda chake Munich mwaka 1866, alifanya fremu yenyewe kuwa tangi la maji. Kichwa chake cha kwanza, Landwührden, kilipata medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Paris ya 1867. Maji yakikaa chini kati ya magurudumu, uzito unashuka na kichwa chepesi hakiyumbi. Hasara ni kwamba ribiti zikianza kuvuja ndani ya fremu, fundi hazifikii bila kufungua vitu vingi.

Kisha 1888, Richard von Helmholtz, mhandisi wa kiwanda hichohicho cha Krauss, aliunganisha ekseli ndogo ya mbele na ekseli ya kwanza ya kuendesha kwa nyenzo moja. Ekseli ndogo ikisukumwa upande mmoja na kona, ile ya kuendesha husogezwa upande wa pili, hivyo msukumo wa pembeni hugawanywa kati ya ekseli mbili na ukingo wa gurudumu hauliwi haraka. Utaikuta hadi kwenye vichwa vya vita vya 1942.

Ila mageuzi yenyewe, yale yaliyofanya dunia nzima iwafuate, ni ya 1898. Hayo namwachia MvukeMkavu.

MvukeMkavu

Asante, mkuu. Kama jedwali lina nafasi ya wazo moja tu la Kijerumani lililofika kila bara, andika kipasha mvuke cha Wilhelm Schmidt wa Kassel. Hakuna kichwa kamili kilichosafiri mbali kiasi hicho.

Tatizo alilolitatua ni hili. Kwenye shinikizo la baa 12, mvuke unaotoka moja kwa moja juu ya maji una joto la nyuzi 190 hivi za Selsiasi, na uko ukingoni mwa kurudi kuwa maji. Ukiingia kwenye silinda ambayo kuta zake zimepozwa na mvuke uliotoka punde, sehemu yake hugeuka matone papo hapo. Sehemu hiyo imekula makaa lakini haisukumi pistoni. Njia ya wakati ule ya kupunguza hasara ilikuwa kutumia mvuke mara mbili, kwanza kwenye silinda ya shinikizo kubwa halafu kwenye ya shinikizo dogo, ili tofauti ya joto ndani ya kila silinda iwe ndogo. Ilisaidia, ila iliongeza silinda, vali na uzito.

Schmidt aliuchukua mvuke uliokwisha kutoka kwenye boila akaupasha tena hadi nyuzi 300 na zaidi, shinikizo likibaki lilelile. Kwenye nyuzi 300 ujazo wake huongezeka kwa karibu theluthi moja, na mvuke una akiba ya joto ya kutosha kugusa chuma baridi bila kugeuka maji. Reli za Prusia ziliwasha vichwa viwili vya kwanza vya aina hii mwaka 1898. Mpangilio wa mwanzo ulitumia bomba moja kubwa kupita katikati ya boila; baadaye Schmidt alijaribu kukiweka kipasha ndani ya chemba ya moshi. Uliodumu ni wa tatu: safu za juu za mirija ya kawaida zinaondolewa, zinawekwa mirija mipana, na ndani ya kila mmoja kunaingizwa bomba jembamba lililokunjwa mara kadhaa, ncha zake zikifungwa kwenye sanduku la kugawa mvuke lililoko kwenye chemba ya moshi. Bomba likiharibika unalifungua kutoka mbele na kulivuta nje bila kugusa boila. Hilo ndilo lililowafanya wakuu wa karakana wakikubali.

Lakini kipasha hakiendi peke yake, na ukikifunga kwenye kichwa cha zamani bila kubadilisha vingine utakiua kichwa hicho. Angalia mambo haya:

Vali ya bamba bapa haifai. Shinikizo huikandamiza juu ya uso wake, na inategemea utando wa mafuta pamoja na unyevu wa mvuke wenyewe. Mvuke mkavu unaondoa unyevu, mafuta ya kawaida yanaungua, na nyuso mbili zinakwaruzana hadi mvuke uvuje moja kwa moja kwenda kwenye bomba la moshi. Vali za pistoni zenye pete zinahitajika.

Mafuta lazima yawe ya madini, yenye kustahimili joto kali, na yasukumwe kwa pampu inayoendeshwa na mwendo wa magurudumu. Vizibo vya katani kwenye fimbo ya pistoni vinaungua. Vinawekwa vya metali.

Kichwa kikiteremka mlima mvuke ukiwa umefungwa, pistoni hugeuka pampu na kunyonya gesi na majivu kutoka chemba ya moshi. Majivu na mafuta ya moto huoka kuwa gaga gumu linalokwamisha pete. Ndiyo maana kuna vali ya kuingiza hewa safi, na madereva wengi huacha mvuke kidogo uendelee kupita.

Maji ya boila yakirushwa pamoja na mvuke, chumvi zake hubaki ndani ya mabomba ya kipasha na kuyaziba. Bomba lililoziba halipozwi, na mkunjo ulio karibu na tanuru hutoboka kwanza.

Mhandisi aliyelisukuma jambo hili Prusia ni Robert Garbe. Msimamo wake ulikuwa kwamba mvuke uliopashwa ukipatikana, silinda mbili za kawaida zinatosha. Mvuke wa mara mbili haulipi gharama yake. P8 ya 1906 ni msimamo huo katika chuma: 4-6-0, yaani magurudumu 4 madogo mbele na 6 ya kuendesha, silinda mbili za nje, magurudumu ya kuendesha yenye kipenyo cha milimita 1,750. Haikuanza vizuri. Silinda za milimita 590 zilikuwa kubwa mno, zikapunguzwa hadi 575. Uzito unaokwenda mbele na nyuma haukusawazishwa ipasavyo, kwa hiyo mwendo wa juu uliokusudiwa wa kilomita 110 kwa saa ulishushwa hadi 100. Baada ya hapo ziliundwa zaidi ya 3,700.

Nje ya Ujerumani, Jean-Baptiste Flamme wa reli za Ubelgiji alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipokea. Uingereza jambo lilionekana wazi mwaka 1909, pale vichwa vya I3 vya reli ya London, Brighton na South Coast, vyenye kipasha cha Schmidt, vilipolinganishwa na vichwa visivyo nacho vya London na North Western. I3 zilitumia makaa na maji kidogo kiasi kwamba mwaka uliofuata North Western nayo ilitoa kundi jipya lenye kipasha. Japani ilinunua vichwa 12 vya Borsig vyenye kipasha, kundi la 8850, halafu Kawasaki wakaunda 12 vingine kwa kunakili. Walifanya hivyohivyo kwa vichwa vinne vya kupanda mlima vya Maffei vya 1912, kundi la 4100. Kawasaki waliviiga wakaunda kundi la 4110 kuanzia 1914. Kwenye jedwali lako 4110 ina kibati cha Kijapani na mzazi wa Munich.

Ekseli_Tano

La pili sasa. Jibu fupi ni vita, na nyuma ya vita kuna uzito wa ekseli.

Mkataba wa kusitisha mapigano wa 11 Novemba 1918 uliitaka Ujerumani itoe vichwa 5,000 na mabehewa 150,000 vikiwa katika hali nzuri. Vibovu havikukubaliwa, kwa hiyo vilivyoondoka vilikuwa vipya au vilivyotunzwa. Prusia ndiyo iliyokuwa na mtandao mkubwa kuliko falme zote za Ujerumani na ndiyo iliyounda kwa maelfu: G8.1 peke yake, kichwa cha mizigo cha 0-8-0 kilichoanza 1913, zilikaribia 5,000. S 3/6 ziliundwa 159 tu, na silinda zake nne za mvuke wa mara mbili zilihitaji karakana inayozijua. Hata reli iliyozitamani isingezipata kwa wingi.

G8.1 yenyewe ilikuwa na kasoro ambayo kila aliyeirithi aliikuta: haina ekseli ndogo mbele, kwa hiyo uzito wote uko kwenye ekseli nne, zaidi ya tani 17 kila moja, na mwendo ukipita kilomita 55 kwa saa pua inaanza kutikisika. Ujerumani kwenyewe, 691 ziliongezewa ekseli ya mbele kati ya 1934 na 1941, mwendo ukafika 70.

Kwa Poland una bahati, maana namba zao zinajieleza. Herufi ya kwanza ni kazi: O ni abiria wa kawaida, P ni treni za kasi, T ni mizigo. Ya pili ni mpangilio wa magurudumu: k ni 4-6-0, p ni 0-8-0, y ni 2-10-0. Namba inayofuata, ikiwa kati ya 1 na 10, asili ni ya Kijerumani. 11 hadi 19 ni ya Austria. Na kwa miundo ya Poland yenyewe ni mwaka. Kwa hiyo Ok1 ni P8, Tp4 ni G8.1, Ty1 ni G12, Ty2 ni aina 52, kile kichwa cha vita. Kisha unakutana na Ok22: hii ni P8 iliyobadilishwa na Wapoland, boila kubwa zaidi lililokaa juu zaidi, muundo wa 1922. Vichwa vyake vya kwanza viliundwa na Hanomag, Hannover, mwaka 1923. Kibati cha Kijerumani, mama wa Prusia, muundo wa Poland. Hapo safu moja haitoshi.

Ubelgiji waliziita P8 aina 64 na G8.1 aina 81. Romania hawakutosheka na walizopata. Waliunda P8 zao nyumbani, Reșița na Malaxa, kundi la 230. Huko tanuru lilipewa pia kinyunyizio cha mafuta mazito kwa sababu makaa yao laini hayakutoa moto wa kutosha peke yake.

Wimbi la pili ni la aina 52. Kichwa cha kwanza kilitoka Septemba 1942, na zaidi ya 6,000 ziliundwa. Msingi ulikuwa aina 50 ya 1939, iliyokuwa na vipande 6,000 hivi. Wahandisi waliondoa au kurahisisha hadi vikabaki karibu 5,000. Kilichoondolewa kinaonekana kwa macho: hakuna kifaa cha kupasha maji ya boila, fremu ya pau nene ilibadilishwa kwenye nyingi kuwa ya mabamba yaliyounganishwa, bronzi ilipunguzwa kwenye fani. Kilichoongezwa ni kibanda kilichofungwa nyuma, mabomba yaliyofunikwa dhidi ya barafu, na tenda (behewa la maji na makaa nyuma ya kichwa) ya umbo la beseni iliyobeba maji mita za ujazo 30 na makaa tani 10 bila kuhitaji fremu yake yenyewe.

Uzito wa tani 15 tu kwa ekseli ndio ulioipeleka kila mahali. Njia nyepesi za mashariki zilibeba kichwa cha 2-10-0 ambacho kingeweza kwenda kilomita 80 kwa saa mbele na nyuma. Vita vilipokwisha kila nchi ilibaki na zilizokuwa ndani ya mipaka yake: Umoja wa Kisovieti ziliitwa TE, Norwei aina 63, Yugoslavia 33, Bulgaria 15, Uturuki 56501. Austria waliiacha namba ya 52 na kuzifunga nyingi bomba la moshi bapa la Adolph Giesl-Gieslingen. Migodi ya makaa karibu na Tuzla, Bosnia, iliendelea kutumia 33 hadi karne hii, na hapo si maonyesho, ni kazi ya kuvuta makaa.

GejiNyembamba

Msisahau reli nyembamba, wakuu. Kwa idadi ya nchi, huko Wajerumani walifika mbali kuliko kwenye reli pana.

Jeshi lao lilihitaji kichwa cha reli ya milimita 600 kinachopita kwenye njia iliyolazwa jana juu ya udongo. Jibu lilikuwa 0-8-0 yenye matangi, maarufu kama Brigadelokomotive. Viwanda vingi viliiunda, zaidi ya 2,500 hadi 1919. Ekseli nne kwenye kona kali ni tatizo, na ufumbuzi ulikuwa ekseli ya Klien-Lindner, ya Wasaksoni wawili, kwenye ekseli ya kwanza na ya mwisho. Ekseli ya ndani imeshikwa na fremu na inazungushwa na fimbo za kuunganisha kama kawaida. Magurudumu hayako juu yake. Yako kwenye ekseli ya pili iliyo tupu ndani kama bomba, inayoifunika ile ya kwanza, na zote mbili hushikana katikati kwa tufe lenye pini. Ekseli ya nje inaweza kuelekea kona na kusogea pembeni huku bado ikiendeshwa.

Kinachoharibika ni lile tufe. Limefichwa katikati, mafuta hayafiki kirahisi, na mchanga ukiingia pini hulika. Dalili yake ni kichwa kuanza kuyumba kwenye njia iliyonyooka hata kwa mwendo mdogo. Warithi wengi baada ya vita hawakuelewa jinsi ya kuitunza, wakaifunga isisogee, halafu wakashangaa kingo za magurudumu zinaisha.

Orenstein & Koppel waliuza vichwa vya aina hii ndogo kwa mashamba na migodi kwa katalogi: unachagua geji (upana kati ya reli mbili), nguvu na aina ya kuni au makaa. Viwanda vya sukari vya Java vilivichoma kwa makapi ya miwa yaliyofungwa mafungu. Bomba la moshi la huko lina kizuia cheche kikubwa kwa sababu makapi mepesi yanaruka yakiwa yanawaka.

Kwa reli za koloni: Usambara kutoka Tanga na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam zilijengwa kwa geji ya milimita 1,000, na Usambara ilitumia vichwa vya Mallet vya Jung. Hapo wazo la kukunja kichwa katikati ni la Mallet, Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa, si la Jung. Njia ya Otavi, Namibia, ilikuwa milimita 600, ya Hijaz 1,050. Geji ya Hijaz ndiyo iliyoifanya Jordan irudi kwa Jung kuagiza vichwa vipya mwaka 1955: kwa geji adimu namna hiyo huwezi kununua kilichotumika kwa jirani.

KibatiNamba

Shukrani sana, wakuu. Safu nimeigawa tatu: aliyebuni, aliyeunda, na wazo lililoazimwa. Bado nina vitatu visivyokaa: Eg ya Kisovieti, D52 ya Indonesia, na aina 25 ya Afrika Kusini. Na lile swali la picha.

Tanuru38

Eg ni rahisi. Ni 0-10-0 ya Kirusi ya kabla ya mapinduzi, muundo wa 1912. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Yuri Lomonosov alisimamia ununuzi wa 700 kutoka viwanda vya Ujerumani na 500 kutoka Nydqvist & Holm wa Sweden. Michoro ilipelekwa na mnunuzi. Aliyebuni: Urusi. Aliyeunda: Ujerumani. Wazo lililoazimwa: kipasha cha Schmidt.

D52 ni kinyume chake. Krupp wa Essen waliunda 100 za 2-8-2 kwa geji ya milimita 1,067, kuanzia 1951, na zinafuata desturi ya Reichsbahn (reli za taifa za Ujerumani) hadi vibao vya kukinga moshi. Weka Ujerumani kote.

Aina 25 inahitaji mistari miwili. Kichwa chenyewe, 4-8-4, kilikuwa muundo wa reli za Afrika Kusini, na fremu yake ya chuma cha kusubu ilitoka Marekani. Tenda ya kupoza mvuke ilikuwa ya Henschel. Kati ya 90 zenye tenda hiyo, Henschel waliunda moja na North British wa Glasgow 89. Lakini kati ya 50 zisizo nayo, za 25NC, Henschel waliunda 39. Ukifuata vibati tu utaandika kinyume kabisa: zilizobeba wazo la Kijerumani zina kibati cha Glasgow, na zisizolibeba zina cha Kassel.

Utaratibu wake: mvuke uliotoka silinda unachujwa mafuta, unazungusha feni kwenye chemba ya moshi, kisha unakwenda kwenye tenda, unazungusha feni nyingine za kupuliza hewa kwenye mabomba ya kupozea, unageuka maji na kurudishwa kwenye boila ukiwa bado wa moto. Kwenye ukame wa Karoo uliokoa karibu asilimia 90 ya maji. Feni ya chemba ya moshi ni ya lazima kwa sababu mvuke haupigi tena kwenye bomba la moshi kuvuta hewa kupitia tanuru. Punje za makaa zilizoungua zilikula mapanga yake, na mafuta yaliyopenya kichujio yalifanya maji ya boila yatoe povu. Miaka ya 1970 nyingi ziligeuzwa kuwa 25NC.

Ekseli_Tano

Kuhusu picha, anza na fremu. Ukiona mwanga mwingi kati ya magurudumu, ni fremu ya pau: Maffei na Bavaria baada ya kununua vichwa vya Baldwin mwishoni mwa karne ya 19, kisha vichwa vya Reichsbahn vya kuanzia 1925. Ukiona bamba limeziba, ni desturi ya Prusia ya zamani, au ni 52 ya baadaye.

Halafu panda juu ya chemba ya moshi. Vichwa vingi vya Reichsbahn vina pipa la kupashia maji la Knorr lililolala kwa upana mbele ya bomba la moshi, likiacha uvimbe unaoonekana. Aina 50 ya kawaida analo, 52 hana. Usitegemee tenda ya beseni kutofautisha hizo mbili, kwa sababu 50 za mwisho zilizorahisishwa nazo zilipewa, na tenda zilibadilishwa baadaye bila mpango.

Ukifika kwenye kichwa chenyewe, usinakili kibati kisha ukaondoka. Karakana zilibadilishana maboila kwenye kila matengenezo makubwa, kwa hiyo boila linaweza kuwa na kibati na mwaka wake, fremu vyake. Tafuta namba zilizogongwa kwenye fimbo za kuunganisha na kwenye nyenzo za mitambo ya vali, upande wa kushoto na wa kulia. Zikitofautiana, kichwa kimekusanywa kutoka viwili au zaidi. Namba ya fremu iweke kwenye mstari mkuu, na ya boila iwe na safu yake na mwaka wake.